Kiapo cha Unyoya

Benchi la Bakir lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo anayekaa pembeni upande wa kushoto hujifunza kucheka kidogo kidogo, asije akajimwagia chai. Liko mbele ya kibanda chake cha chai, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda kwenye daraja la mto Zab, na ukikaa hapo unauona mto wote na miforosadi iliyouinamia. Msimu wa forosadi ulikuwa unaishilia. Matunda yalidondoka yenyewe bila kuguswa, barabara imepakwa weusi, nyayo za watu nyeusi, midomo ya watoto myeusi, na mbuzi wa Bakir alitembea kama aliyetoka kupiga kura kwa kwato zote nne. Jua lilishalegea. Samawari ilikuwa inaimba wimbo wake, na benchi lilikuwa na wenyewe.

Kulikuwa na Ami Qadir, ambaye mji mzima unamwita Nusu Mulla, maana alisoma msikitini mpaka katikati ya kitabu, akaona msichana dirishani, akaoa. Kulikuwa na Hemin, dereva wa teksi, aitwaye Rubani. Ndege hajapanda hata siku moja, ila anavyoendesha, abiria hufunga macho wakingoja kupaa. Kulikuwa na Tofiq Mkaa, mchoma samaki, mpana kama mlango wa ghala, harufu yake inafika kabla yake. Na pembeni kushoto, kwenye mguu mfupi, alikaa Rebwar, mchomeleaji vyuma aliyestaafu, ambaye tangu majira ya kuchipua walikuwa wanamwita Unyoya. Chai yake ilikuwa imepoa. Alikuwa ameishika tu, kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Shida yake ilikuwa hii. Shemeji yake anayeishi Uswidi alikuja likizo na ufito wa kuvulia, mwembamba, mwepesi kama bua la ngano, akamwachia. Chambo chake si unga wala tende. Ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ikafanana na mdudu, unairusha kwa mshipi mzito, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka yule nzi wa uongo atue majini bila kishindo. Rebwar alishika chuma maisha yake yote. Ufito ule ulipomkaa mkononi, akapenda kama kijana. Wenzake wakamcheka. Karpi wa Zab, yule samaki mnene wa magamba makubwa na sharubu za babu, anakula mkate, anakula tende, anakula forosadi zinazodondoka. Tangu lini akala kuku?

Sasa, wanaume wa kwetu huapa kwa talaka kwa jambo dogo kabisa. "Talaka yangu ianguke usipokula kwangu leo!" Mgeni anakula, talaka haianguki, maisha yanaendelea. Lakini siku moja kicheko kilizidi. Rubani alikuwa ameweka gazeti kichwani, anajifanya jogoo anayekimbizwa na samaki. Rebwar akasimama, akasema mbele ya watu wote: "Talaka zangu tatu zianguke kama sitamvua karpi kwa unyoya kabla forosadi haijaisha mtini!"

Tatu si mchezo. Na imamu, ambaye angeweza kulitengeneza jambo, alikuwa Suleimaniya akitibiwa goti, hatarudi mpaka Ijumaa. Tangu hapo Rebwar alikuwa analala darini peke yake. Mkewe, Pirshang, alimwekea sahani kwenye ngazi kila jioni. Chakula kilekile, kitunguu kilekile, maziwa ya mgando yaleyale. Ila sahani ilikuja bila neno.

Na leo Rebwar alikuwa amerudi kutoka mtoni suruali imelowa mpaka magotini.

— Kwa hiyo umempata, alisema Nusu Mulla, huku akisogeza tasbihi punje moja.

— Nimempata.

— Alhamdulillahi! Rubani alimpiga Rebwar begani, chai ikamwagika. Bakir, lete nyingine hapa, shujaa amelowa!

— Amelowa wewe ulipomgusa, alisema Bakir.

— Mkubwa? aliuliza Mkaa.

— Mkubwa. Hivi. Rebwar alifungua mikono, glasi ikamzuia, akaiweka chini, akafungua tena.

— Na amekula unyoya?

Hapo Rebwar aliitazama glasi yake.

— Unyoya, Rebwar, alirudia Nusu Mulla, sauti imeshuka. Ulisema unyoya. Sote tulikuwepo, na mbuzi alikuwepo.

— Ngojeni niwaeleze ilivyokuwa, alisema Rebwar. Nilishuka asubuhi, ukungu bado uko juu ya maji. Nimejaribu kila unyoya. Wa jogoo wa Bakir...

— Ndiyo maana jogoo wangu siku hizi hataki kutoka nje, alisema Bakir.

— ...wa bata, wa kanga, wa mto wa kulalia. Karpi wanakuja, wananusa, wanageuka kama watu waliokosea nyumba. Pale chini ya mforosadi mkubwa, ule ulioinama karibu na jiwe, walikuwa wengi, migongo iko juu, vinywa wazi. Forosadi ikidondoka, chubwi! mmoja anasogea polepole, hana haraka, anaifyonza kama ami anavyofyonza chai.

— Mimi sifyonzi, alisema Nusu Mulla, akafyonza.

— Nikaona, hawa hawataki mdudu. Wanataka forosadi. Basi nikafunga... nikafunga kitu cheusi. Nikakirusha kianguke kama tunda, si kama nzi. Chubwi. Mmoja akasogea. Mimi sipumui. Akafungua kinywa. Mshipi ukanyooka, jamani, ufito ukapinda mpaka nikadhani umevunjika, na lile gurudumu la mshipi likapiga kelele, nami nikapiga kelele. Akanipeleka mpaka darajani akanirudisha. Nilipomtoa, tulikuwa tumechoka wote wawili.

Wote walikuwa wamesahau kunywa. Hata Mkaa, ambaye samaki kwake ni kazi tu, alikuwa ameinama mbele.

— Kitu cheusi gani? aliuliza Nusu Mulla.

— Sufu, alisema Rebwar.

Tasbihi ilisimama.

— Sufu ya kondoo?

— Sufu ya kondoo. Kidonge kidogo, kimetiwa rangi ya forosadi.

— Basi umekwisha, alisema Nusu Mulla, si kwa ubaya, kama daktari anayekunja vifaa vyake. Neno ni neno. Ulisema unyoya, umevua kwa sufu. Mimi nilisoma mlango wa viapo, huo niliumaliza. Forosadi ikiisha mtini, talaka imeanguka.

Rebwar aligeuza uso kuelekea mtoni. Miti ilikuwa bado ina weusi kidogo kileleni, wa ndege tu.

— Acha zako, ami! alisema Rubani. Usimuue mtu na chai iko mkononi. Kwanza unyoya ni nini? Unyoya ni kile alichovaa mnyama ili asipate baridi. Kuku kavaa huu, kondoo kavaa ile. Sufu ni unyoya wa kondoo. Ndevu zako hizo ni unyoya wako.

— Ndevu zangu ziache.

— Nimezigusa mimi? Nasema hoja. Rebwar angefunga ndevu zako kwenye ndoano, angekuwa amevua kwa unyoya wa mulla, na kiapo kingetimia mara mbili.

— Mara moja na nusu, alisema Bakir kutoka kwenye samawari.

Walicheka. Rebwar naye alicheka kidogo, kicheko cha mguu mfupi, kisha kikaisha. Alikuwa anafikiria dari yake, na zile nyota alizozijua sasa kuliko alivyopenda kuzijua.

— Ninyi mnabishana rangi ya punda na punda mwenyewe hamjamwona, alisema Mkaa. Samaki yuko wapi?

— Nimemwachia, alisema Rebwar.

— Umefanya nini?

— Nimemwachia. Shemeji alinifundisha hivyo: unamshika mkia, unamwelekeza kichwa kwenye mkondo, anapata pumzi, anaondoka. Na alikuwa na mayai tele. Nilimwangalia tu, nikaona... nikamwachia.

Tofiq Mkaa alivua kofia yake, akaiweka kwenye goti. Alikuwa ameumia kwelikweli.

— Kaka Rebwar, alisema taratibu, mimi nimechoma samaki tangu sijaota ndevu. Ninawapasua mgongoni, ninawafungua kama kitabu, ninawasimamisha mbele ya moto. Nakwambia kwa heshima: samaki ambaye hajachomwa hajavuliwa. Huyo mmeonana tu. Mmesalimiana. Wewe umekwenda mtoni, umemsalimia samaki, umerudi.

— Nimemshika kwa mikono hii!

— Hata mimi nimemshika mkono mkuu wa wilaya. Nimemvua?

— Shahidi yupo, alisema Rubani, akichangamka. Shahidi ni samaki mwenyewe! Ana tundu mdomoni. Tunashuka wote na nyavu, tunawatoa karpi wote wa Zab, tunawaangalia midomo mmoja mmoja. Mwenye tundu ndiye.

— Wasio na tundu nitawachukua mimi, alisema Mkaa haraka.

— Na mkimpata, alisema Nusu Mulla, atasema alikula sufu. Shahidi huyo ni wa upande wangu.

— Basi haraka ya nini? Rubani alisimama sasa, maana mawazo yake yakipanda naye hupanda. Sikilizeni. Alisema "kabla forosadi haijaisha mtini." Mti gani? Hakutaja! Hapa kwetu zinaisha, sawa. Lakini kule juu milimani bado ni za kijani. Mpakani ndiyo kwanza zinachanua. Rebwar apande na ufito wake, afuate forosadi inavyoiva, kijiji hadi kijiji, avuke Irani, apande kaskazini. Shangazi yangu yuko Kanada, kule majira ni ya kinyumenyume. Dunia hii hakuna siku forosadi imeisha miti yote. Kwa hiyo kiapo hakifiki mwisho. Ana maisha yake yote ya kupata karpi kwa unyoya!

— Na mkewe? aliuliza Bakir.

— Atakuwa anamngoja.

— Anamngoja kama nani?

Rubani akakaa.

Lori la tikiti maji lilivuka daraja. Bakir alipita na birika, akajaza glasi za watu, sukari ikalia kwenye vioo. Nusu Mulla, ambaye hapendi kimya kimalizwe na mwingine, aliinama kuelekea kwa Rebwar.

— Hiyo sufu, alisema, uliinunua wapi?

— Sikuinunua.

— Ulifunga mwenyewe ile ndoano?

Hili Rebwar alikuwa amelibeba tangu asubuhi, alikuwa hataki kuliweka kwenye benchi. Lakini benchi ni benchi, likiuliza linauliza.

— Niliikuta, alisema. Nilipoamka darini. Ilikuwa juu ya kofia yangu, imeshafungwa, imeshatiwa rangi. Uzi wake ni ule wa soksi. Ni mkono wa Pirshang. Ninaujua mkono wa Pirshang.

Mkaa alirudisha kofia yake kichwani.

— Amekufungia yeye, alisema Mkaa.

— Bila kusema neno? aliuliza Rubani.

— Bila neno.

Lakini Nusu Mulla alikuwa ameshaiona njia, na mtu aliyesoma kitabu nusu akiiona njia huwa haulizi inakwenda wapi.

— Hapa sasa kuna hatari kubwa zaidi, alisema, kidole juu. Rebwar aliapa "sitamvua," yaani yeye. Lakini sufu ni ya mke, uzi wa mke, fundo la mke, akili ya kujua samaki anataka tunda na si mdudu, ya mke. Mkono tu ndio wa Rebwar, na mkono ni kama ufito. Kwa hiyo aliyevua ni Pirshang. Na aliyetimiza kiapo ndiye mwenye kiapo. Kiapo sasa ni cha Pirshang! Na kama kiapo ni cha Pirshang, na kiapo ni cha mume... Akatua, akahesabu kimoyomoyo. Basi anayeachika hapa ni Rebwar.

— Mungu wangu, alisema Rubani kwa heshima kubwa.

— Akae eda? aliuliza Bakir.

— Hilo lilikuwa kwenye nusu ya pili, alisema Nusu Mulla.

Ndipo mlango wa buluu wa nyumba ya Rebwar, upande wa pili wa barabara, ulipofunguka, akatoka Pirshang mwenyewe.

Mlango ule uko karibu sana na benchi, mtu akikohoa huku kule wanasema afya. Wanawake wa kwetu hawaji kwenye kibanda cha chai. Wakimtaka mtu hutuma mtoto, au humwita kutoka mlangoni. Yeye alivuka barabara, kitambaa chake kimefungwa vizuri, mikono yake bado ina weusi wa rangi mpaka vifundoni. Wanaume wakasimama wote kwa pamoja, na benchi, lililobaki na Rebwar peke yake, likainuka upande mmoja. Naye akasimama kuokoa chai.

— Salaam alaikum, kaka zangu.

— Wa alaikum salaam, shemeji. Karibu, shemeji. Bakir, kiti!

— Sikai. Nina chungu jikoni. Nimewasikia kutoka dirishani tangu mlipoanza, nikaona nije niulize kitu kimoja, maana ninyi ndio mnaojua.

— Uliza, binti yangu, alisema Nusu Mulla, na tasbihi ikaanza kwenda mbio.

Pirshang hakupandisha sauti. Ana sauti ya mtu aliyezoea kusemesha kondoo wakati wa kukatwa manyoya, ya chini, wasishtuke.

— Rebwar angeshindwa, angenipoteza mimi. Hilo nimelielewa, hata Mkaa amelielewa. Sasa tuseme ameshinda. Tuseme sufu ni unyoya, na samaki amevuliwa, na kila kitu sawa. Angepata nini?

Walitazamana.

— Yaani, shemeji... alianza Rubani.

— Ukiweka ng'ombe kwenye ubishi, mwenzako naye anaweka ng'ombe. Rebwar aliniweka mimi. Ninyi upande wenu mliweka nini?

Mkaa aliangalia mikono yake. Rubani aliliangalia gazeti lake, lilelile alilojivika kichwani siku ile, likiwa limekunjwa kwenye dirisha la kibanda. Nusu Mulla aliupekua kichwani mlango wa viapo, ule alioumaliza, haukumpa kitu. Bakir alisimama na birika hewani, hamimini.

— Mbona hamjibu? alisema Pirshang, na kweli alikuwa anangoja. Nimekaa nalo hili usiku na mchana nikisokota sufu, nikasema labda mimi ndiye sijui mambo ya wanaume. Aligeuka kwa Rebwar. Wewe je?

Rebwar alitaka kusema heshima. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kisha akaona jinsi litakavyoonekana likiwekwa pale barabarani, upande mmoja heshima yake mbele ya Rubani aliyevaa gazeti, upande wa pili huyu mwanamke mwenye mikono myeusi aliyeamka kabla ya ndege kumfungia ndoano. Akalimeza.

— Hakuna, alisema. Nilikuwa sipati kitu.

— Haya, alisema Pirshang. Nashukuru kwa kunijibu.

Akawaaga wote kwa majina, akavuka barabara, akaingia, akafunga mlango. Waliusikia ukifungwa, si kwa kishindo.

— Ami, alinong'ona Rubani, hapo sheria inasemaje?

— Nyamaza, Hemin, alisema Nusu Mulla.

Rebwar akaukunjua mguu mmoja wa suruali, akaukunjua wa pili, akajipangusa matope kadiri yanavyopanguka. Akavuka. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa haubishi mlango ule; hukohoa tu, akaingia. Sasa akasimama mbele yake kama mgeni aliyeelekezwa na watu, akabisha hodi.

— Nani? alisema Pirshang kutoka ndani.

Benchi zima lilisikia. Rebwar alifungua mdomo kusema "mumeo," na neno likakwama, maana ndilo lililokuwa limebishaniwa tangu chai ya kwanza. Akageuka kuwatazama wenzake. Mkaa alikuwa anachunguza mawingu.

Rebwar akaugeukia mlango, akavua kofia.

— Ni Rebwar, alisema. Mtoto wa Hama Rahim, wa mtaa wa juu. Nimekuja kuposa.

Ndani kijiko kilisikika kikigusa ukingo wa chungu, mara moja, kama mtu aliyesahau kukoroga.

— Kaa hapo nje, sauti ikasema baadaye. Nifikirie.

Akakaa kwenye kizingiti, kofia magotini, uso umeelekea barabarani. Upande wa pili Bakir alitikisa samawari, akainamisha bomba lake, likatoa tone moja na mvuke.

— Jamani, chai imekwisha, alisema.

Walisikia, lakini hakuna aliyenyanyuka.